Betri ya Simu Iliyovimba Haina Mnunuzi

Betri ya gari iliyokufa haikosi mnunuzi Nairobi. Muuza vyuma chakavu huitia kwenye mizani na kuilipia kwa kilo, kwa sababu risasi iliyomo ina soko. Ya simu iliyovimba haina anayeitaka. Fundi huibandua na kuitupa kwenye kopo chini ya meza. Kopo likijaa, huenda na taka nyingine hadi jaa la Dandora.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Ndani ya betri ya lithiamu kuna utando mwembamba kuliko unywele, unaotenganisha ncha chanya na hasi, na kimiminika chepesi kushika moto. Betri ikishindiliwa ndani ya lori la taka utando huchanika, pande mbili hugusana, na joto hupanda lenyewe mpaka seli ya jirani nayo iwake. Hata betri ambayo haiwashi tena simu huweza kuwa imebaki na umeme wa kutosha kufanya hivyo. Moshi wake hubeba floridi ya hidrojeni, gesi inayounguza mapafu, na wa kwanza kuuvuta ni wachakuraji wa jaani.

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuchakaa. Jambo hilo ni la haki: aliyepata faida alipie mwisho wake. Ila wajibu huo utabaki kwenye karatasi iwapo hautafika mezani kwa fundi. Kwa maoni yangu, mwagizaji amlipe fundi kwa kila kilo anayokusanya, kama risasi inavyolipiwa. Kobalti iliyomo katika nyingi ya betri hizo ilichimbwa kwa jasho Kongo, pande za Kolwezi. Kuifukia Dandora ni dhuluma ya pili.

Kwa sasa, betri iliyovimba usiichaji, usiitoboe wala kuikunja. Funika ncha zake kwa selotepu, kila moja peke yake, uiweke kwenye debe la mchanga mkavu, mbali na jua na watoto. Kisha ipeleke kwa warejelezaji wa taka za kielektroniki wenye leseni, kama WEEE Centre ya Nairobi. Na unaponunua betri au pawabenki mpya, muulize mwenye duka ile kuukuu ataipokea lini.