Mgomba Uking'olewa, Shukrani Ising'olewe

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaofanya kazi mijini tunao mpango mmoja tusioutangaza: siku moja tutarudi nyumbani. Mwenye asili ya Bukoba au Muleba akiufikiria mpango huo, hukiona kibanja. Huiona nyumba katikati ya migomba, kahawa ikiwa chini ya kivuli, na maharage kati ya mashina. Kila mwisho wa mwezi hutenga fedha kidogo katika mshahara wake, akampelekea ndugu aliyebaki kijijini ili awalipe vibarua na kununua samadi. Hiyo ndiyo akiba yake ya uzee.

Sasa mfikirie mtu huyo siku apatapo habari kwamba migomba yake inanyauka. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria uligunduliwa wilayani Muleba, ikiwa ni mara ya kwanza kuonekana Tanzania. Majani hugeuka manjano na kulegea. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata utaona nyama yake imeharibika na kuwa ya kahawia. Mgomba ukishaambukizwa hauna dawa ya kuuponya. Mkulima hana budi kuung'oa kwa mikono yake, hata kama shina hilo lilipandwa na marehemu baba yake. Wengine hawakupoteza migomba bali nyumba, kwa maana tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016 lilibomoa makazi mengi mkoani Kagera na kuua watu.

Je, Mkristo aliyefikwa na hayo ashukuruje?

Kwanza yafaa tuelewe kwamba kushukuru si kujidanganya. Yesu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro. Naye nabii Habakuki hakuificha hasara. Aliutaja mtini usiochanua, mizabibu isiyozaa, mashamba yasiyotoa chakula na mazizi yasiyo na mifugo; na baada ya kuyataja yote akasema atamfurahia Mungu. Msomaji wa Muleba aweza kuuweka mgomba mahali pa mtini, na maneno ya nabii yakabaki yaleyale.

Pili, kuridhika ni jambo la kujifunza. Ndivyo Mtume Paulo alivyowaandikia Wafilipi, naye alikuwa kifungoni wakati huo. Kama yeye alijifunza, basi nasi tusijilaumu kupita kiasi tukishindwa somo hilo siku ya kwanza.

Tunao mfano wa nyumbani pia. Kardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu katika Muleba, ndiye Mwafrika wa kwanza katika zama zetu kupewa cheo hicho, mwaka 1960. Alikuwa Askofu wa Bukoba kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alipofariki Desemba 1997, alikusudiwa kulazwa katika kanisa kuu la Bukoba, lakini kanisa hilo lilikuwa likisubiri matengenezo. Akazikwa kwa muda Kashozi, mahali palipojengwa misheni ya kwanza ya Wakatoliki katika sehemu hizo. Ilikuwa hadi Oktoba 2012 ndipo mwili wake ulipohamishiwa Bukoba. Ikiwa mtu mkubwa kama yeye alisubiri karibu miaka 15 apate mahali pake pa kupumzika, sisi tusishangae mipango yetu ikichelewa.

Lakini, ndugu msomaji, hatari kubwa haiko shambani. Hasara ya shamba hubaki shambani. Hasira yake ndiyo iingiayo nyumbani. Baba hurudi jioni akamkemea mama watoto aliyeshauri tangu mwanzo wajenge mjini. Humshuku ndugu yake wa kijijini kwamba amezila fedha. Watoto hunyamaza wasikiapo hatua zake mlangoni. Hapo familia imeshapoteza kitu ambacho bakteria hawakukigusa.

Tena uchungu huchelewesha kazi. Wako wanaoshindwa kuung'oa mgomba mgonjwa kwa kuuonea huruma, na kumbe kila siku unaposimama unahatarisha kibanja cha jirani. Wadudu huubeba ugonjwa kutoka kwenye ua dume, na panga lisilosafishwa huupeleka kutoka shina hadi shina. Aliyekubali yaliyotokea hung'oa mapema. Huliondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, hulipitisha panga katika moto kabla ya kugusa shina jingine, wala hachukui machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Kisha huangalia kilichosalia. Kahawa haishikwi na mnyauko huo. Udongo uliobaki wazi hupandwa maharage. Shukrani ya namna hiyo ina jembe mkononi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wazee wa Kagera, ambao mababu zao walifua chuma tangu kale, wanalielewa neno hilo vyema.

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, kaa na jamaa yako. Waambieni watoto ukweli: mpango fulani umeharibika, na fedha fulani hazitarudi. Kisha kila mmoja, hata yule mdogo, ataje kitu kimoja kilichobaki. Msiharakishe. Mkimaliza, salini. Na kabla hujalala, mpelekee salamu ndugu yako wa kijijini, umwambie kwamba humdai maelezo. Unamshukuru kwa miaka yote aliyokitunza kibanja.