Kuondoa Titi au Kuondoa Uvimbe: Mizani ya Upasuaji wa Saratani ya Matiti

Kata pua uunge wajihi, husema wahenga. Kwa miongo mingi, upasuaji wa saratani ya matiti ulifuata mantiki hiyo. Tangu miaka ya 1890, Mmarekani William Halsted alieneza upasuaji ulioondoa titi lote, tezi za kwapani na misuli ya kifua, kwa imani kuwa kisu kilichokata zaidi ndicho kilichookoa zaidi.

Imani hiyo ilipimwa na watafiti wawili: Umberto Veronesi huko Milan, Italia, na Bernard Fisher nchini Marekani. Walilinganisha wanawake walioondolewa titi lote na walioondolewa uvimbe tu kisha wakatibiwa kwa mionzi. Matokeo ya miaka 20, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalibainisha kuwa makundi hayo hayakutofautiana katika muda wa kuishi.

Je, kinachopimwa basi ni kipi? Kwanza, ni uwezekano wa ugonjwa kurudi palepale. Katika utafiti wa Milan, ulirudi kwa takriban wanawake 9 kati ya 100 waliohifadhi titi, na 2 kati ya 100 walioondolewa lote.

Pili, ni mionzi. Fisher alidhihirisha kwamba bila mionzi ugonjwa ulirudi katika titi kwa wanawake 39 kati ya 100. Kwa mionzi, 14. Matibabu hayo huchukua wiki kadhaa, aghalabu siku 5 kila wiki. Kwa mkaazi wa Lodwar, wiki hizo ni nauli, malazi na shughuli zilizosimama. Huenda basi akaona heri kuondolewa titi lote, ingawa saratani iliyofika kwapani yaweza kumlazimu kupata mionzi vilevile.

Tatu, ni mwili wenyewe. Kuondoa titi huacha ganzi na pengo. Kulihifadhi kwaweza kumrejesha mgonjwa kwenye upasuaji iwapo seli za saratani zitapatikana ukingoni mwa sehemu iliyokatwa.

Aidha, si kila mgonjwa ana hiari hiyo. Uvimbe mkubwa au uliotawanyika aghalabu hudai titi lote, ijapokuwa kemotherapia ikitangulia yaweza kuupunguza.

Ni dhahiri kwamba ridhaa ya mgonjwa hutegemea ufahamu wake. Anayeambiwa tu kuwa titi litakatwa hajapewa chaguo lolote. Kumweleza mizani hii kwa Kiswahili kinachoeleweka ni sehemu ya tiba, na ni kazi inayowahusu wanaisimu na wafasiri sawa na matabibu.