Kofia ya viua: Kwa nini rangi ya uzi huamuliwa mapema

Mjini Muscat, Oman, Kiswahili kingali kinazungumzwa na familia nyingi zilizotoka Zanzibar na kurejea baada ya mwaka 1970. Huko, kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono, ambayo Waomani huiita kumma, ni vazi la kila siku la wanaume.

Kwa mteja wa Al Khoudh, eneo la Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kuagiza kofia huanza kwa kupimwa kichwa, kisha kuchagua nakshi na rangi ya uzi.

Uamuzi huo ni vigumu kuugeuza. Nakshi huchorwa juu ya kitambaa, kisha mshonaji hutoboa viua kwa sindano na kukizungushia uzi kimoja kimoja. Tundu likishatobolewa halifutiki, na kazi yaweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi. Mteja akibadili nia, mshonaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayefanya kazi nyumbani, hupoteza jasho lake.

Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe huafikiana na kanzu yoyote. Uzi wa kahawia au wa samawati hutaka kanzu au kilemba kinacholingana nao. Nakshi iliyosongamana huhitaji viua vingi zaidi, hivyo bei hupanda.

Kofia za mashine ni nafuu na hupatikana papo hapo. Anayetaka ya mkono ni heri aulinganishe uzi na kanzu yake kwenye mwanga wa jua, kabla ya tundu la kwanza.