NYIGU WA KIITALIA: USIONDOE USICHOKIJUA KAZI YAKE



Jumapili, Misa ikiisha, simama kidogo chini ya mti uani kwa kanisa, pale watu wanapoegesha vyombo vyao. Katika parokia moja ya kwetu Singida utazikuta pikipiki nyingi za siku hizi, bajaji mbili tatu, na katikati yao Vespa mbili za zamani. Moja ni ya mwalimu mstaafu, mzee wa miaka sabini na zaidi. Nyingine ni ya bwana mmoja mchuuzi wa asali. Sikiliza basi utani wao.

“Mwalimu,” aanza kijana mwenye pikipiki mpya, “hicho chombo chako ni pikipiki au cherehani? Nasikia ti-ti-ti tu!”

“Cherehani hushona, mjukuu wangu,” ajibu mzee. “Juzi nilikukuta unaisukuma hiyo yako barabarani, nikadhani wapeleka ng’ombe mnadani.”

Watu wacheka. Mchuuzi wa asali naye hataki kupitwa. “Yangu nimeifanyia ufundi. Sasa yanguruma kama simba!”

“Angalia,” asema mwalimu. “Simba mwenda pole ndiye mla nyama.”

Maneno hayo yalikuwa ya mzaha. Lakini hazikupita wiki tatu, yakawa maneno ya kweli. Kabla sijakueleza jinsi ilivyokuwa, ndugu msomaji, ni vema uijue Vespa yenyewe.

MASHINE ILIYOZALIWA NA FUNDI WA NDEGE

Katika mji wa Pontedera nchini Italia kilikuwako kiwanda cha Piaggio kilichounda ndege. Vita Kuu ya Pili ikakiacha magofu. Vita vilipokwisha, mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, alitaka kuunda chombo cha bei nafuu cha kuwasafirisha watu maskini. Kazi hiyo akampa Corradino D’Ascanio, fundi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Alisema ni chafu, mnyororo wake huchafua nguo, na gurudumu likipasuka ni taabu kulitoa.

Basi mwaka 1946 akatoa chombo kisicho na mnyororo. Injini aliificha ubavuni, karibu na gurudumu la nyuma. Mbele akaweka ngao ya bati ya kuzuia matope. Kati ya kiti na usukani akaacha nafasi wazi, hata padre mwenye kanzu au mama mwenye kitenge aweze kupanda kwa heshima. Gurudumu la mbele alilishika kwa mkono mmoja tu, kama gurudumu la ndege, ili litoke upesi. Kwa kiuno chake chembamba na mlio wake, chombo kikaitwa Vespa, maana yake nyigu. Kufikia mwaka 1956 zilikuwa zimeundwa milioni moja.

Mwaka 1948 kiwanda hicho kikatoa ndugu yake wa magurudumu matatu, kikamwita Ape, yaani nyuki. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India iliunda vyombo hivyo kwa ruhusa ya Waitalia, na ruhusa hiyo ikaisha mwaka 1971. Kwa hiyo bajaji inayokupeleka sokoni ni mjukuu wa nyuki yule. Sisi watu wa Singida, wenye mizinga na asali, hatuna haja ya kumwogopa nyuki. Lakini hata nyuki ana desturi zake, na asiyezijua huumwa.

USIKU WA TAABU

Usiku mmoja mtoto wa jirani yake mchuuzi wa asali alishikwa na homa kali. Mchuuzi, mtu mwema, alimpakia mama na mtoto wake, akashika njia ya hospitali ya Makiungu. Alikwenda mbio, na mashine ikanguruma kweli. Nusu ya njia ngurumo ikakatika ghafula. Gurudumu la nyuma likakaza, chombo kikayumba, nusura waanguke. Pistoni ilikuwa imekwama ndani ya silinda kwa joto.

Wakakaa gizani karibu saa nzima, mtoto akilia, kisha akinyamaza, na kunyamaza kule kulimtisha mama kuliko kilio. Ndipo wakasikia kwa mbali: ti-ti-ti. Mwalimu alikuwa amepata habari kwa simu. Akawachukua mama na mtoto polepole hadi hospitali. Mtoto alitibiwa, na leo anacheza.

Siku ya pili mwalimu na mchuuzi waliifungua ile mashine. Je, ufundi aliokuwa ameufanya ulikuwa upi? Alikuwa ameondoa vitu vitatu. Aliondoa kichujio cha hewa, ili injini “ipumue vizuri”. Akakata bomba la moshi, ili lingurume. Akatoa na kifuniko cha bati kinachozunguka silinda, kwa kuwa kilikuwa kikikusanya vumbi.

Tazama kosa lake. Injini ya Vespa haipozwi kwa maji, wala haipati upepo wa njiani, maana imefichwa. Inayo feni inayosukuma hewa, na kile kifuniko ndicho kinachoiongoza hewa ipite kwenye mbavu nyembamba za silinda. Ukikitoa, hewa hutawanyika bure. Tena kichujio na bomba vilipimwa pamoja na kabureta. Ukivitoa bila kurekebisha kabureta, hewa huzidi petroli, na injini huchemka. Bwana yule alidhani anaongeza nguvu, kumbe alikuwa anawasha moto tumboni mwa mashine yake.

MATUNZO YA KILA SIKU

Nilimwomba mwalimu anipe siri zake. Alicheka, akasema hakuna siri, kuna desturi tu. Ndizo hizi:

1. Vespa za zamani hulainishwa kwa oili iliyochanganywa na petroli. Nyingi za tangu miaka ya 1960 hutaka sehemu 2 kwa 100, yaani mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Zilizotangulia hutaka sehemu 5 kwa 100. Pima kwa chupa yenye alama, usikisie kwa jicho. Oili ikipungua injini hufa, ikizidi hujaza masizi.

2. Fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni afya. Ikiwa nyeusi yenye masizi, oili au petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inachemka: simama, tafuta sababu. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hivi.

3. Vumbi letu ni jingi wakati wa kiangazi. Osha kichujio mara kwa mara, na utoe vumbi na majani katika feni na mbavu za silinda.

4. Ukitaka kuziba pancha, ondoa upepo wote kwanza, ndipo ufungue nati zinazoshika pande mbili za rimu. Ukizifungua tairi ikiwa imejaa, rimu yaweza kuruka na kukuua.

5. Katika mteremko mrefu, kama ule wa Sekenke, shuka kwa gia ndogo, lakini usiifunge petroli moja kwa moja hadi chini. Oili huja pamoja na petroli. Ukiinyima petroli, umeinyima na oili. Gusa mafuta kidogo kila baada ya muda.

6. Mashine ikikaza ghafula, bana klachi mara moja ili gurudumu lizunguke, kisha simama kando ya njia. Usiitie kiki mpaka ipoe.

JE, TUSIBADILI KITU?

La, sivyo. Mwalimu mwenyewe amebadili mengi. Amechomelea kichanja imara, ameweka tairi zenye meno kwa njia za mchanga, taa yenye mwanga zaidi, na kipande cha mpira cha kukinga matope. Lakini kabla ya kugusa kitu hujiuliza, “Hiki kiliwekwa kwa kazi gani? Nikikitoa, nani ataifanya kazi hiyo?”

Hata mzigo ana kanuni yake. Uzito wa Vespa tayari uko nyuma, kwenye injini. Ukirundika madebe ya asali nyuma ya gurudumu, la mbele huwa jepesi na usukani huanza kucheza. Afadhali mzigo mwingine ukae mbele, chini, karibu na miguu, na mwingine ubaki nyumbani ungojee safari ya pili.

Wenye bajaji na pikipiki za siku hizi, nanyi msidhani haya hayawahusu. Vijana wengi hukata bomba la moshi ili wasikike kijiji kizima. Ndugu, kijiji kitakusikia unapopita, lakini abiria wako anataka afike. Nanyi kina mama, mtoto akiugua usiku, chombo mtakachokipanda ndicho hicho hicho kinachochezewa mchana. Msione haya kuuliza kama kinatunzwa.

Siku hizi mchuuzi wa asali amerudisha kila kitu mahali pake, na pistoni mpya. Jumapili iliyopita kijana yule alimtania tena. “Mzee wa simba! Mbona simba wako siku hizi analia kama nyigu?”

Akajibu bila kuona haya, “Ndiyo, mdogo wangu. Simba wangu aliniacha gizani. Nyigu wa mwalimu ndiye aliyekuja.”

Mungu awalinde njiani.