MTOTO ANAPOZALIWA AMEFARIKI: UMUHIMU WA KUCHUNGUZA SABABU

Mtoto anayezaliwa bila ya dalili yoyote ya uhai baada ya mimba kutimiza wiki 28 huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa amezaliwa akiwa amefariki. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.9 walizaliwa hivyo duniani kote mwaka 2021.

Katika visiwa vya Unguja na Pemba msiba wa namna hii aghalabu humalizika upesi. Mtoto husitiriwa, kondo la nyuma hufukiwa, na jamaa hufarijiana kwamba ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Faraja hiyo haipingani na uchunguzi. Lakini maradhi yaliyosababisha kifo huweza kubaki mwilini mwa mama hadi mimba ifuatayo.

Uchunguzi huanza kwa kumtazama mtoto. Ngozi iliyokwisha kuchubuka huashiria kwamba alifariki tumboni kabla ya kuzaliwa, kwa muda wa saa kadhaa au siku. Hapo hutafutwa maradhi ya mama au kasoro ya mimba. Ngozi iliyo nzima huashiria kifo cha karibu na wakati wa uchungu. Hapo huulizwa iwapo uchungu ulikuwa pingamizi, au msaada ulichelewa, nyumbani, njiani au hospitalini.

Kisha hutazamwa kondo la nyuma na kitovu. Kondo huweza kuonyesha kwamba lilibanduka kabla ya wakati, kwamba lina vijidudu vya malaria, au kwamba halikumlisha mtoto ipasavyo. Aidha, mama hupimwa shinikizo la damu, mkojo, kaswende, malaria, kisukari na kundi la damu. Kaswende hugunduliwa kwa tone la damu na hutibika kwa sindano ya penisilini.

Ifahamike kuwa vipimo hivyo havihitaji kuupasua mwili wa mtoto wala havicheleweshi mazishi. Upasuaji wa maiti ni jambo jingine, nao huombewa ridhaa ya wazazi. Ni kweli pia kwamba baadhi ya vifo hubaki bila ya sababu kujulikana hata baada ya vipimo vyote.

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 unasisitiza kwamba mapitio ya vifo hivi ni ya kurekebisha huduma, si ya kumtafuta wa kulaumiwa. Hivyo basi, mkunga anayeandika kwa ukweli saa na hali ya uzazi humlinda mtoto atakayefuata.

Familia zinakumbushwa kumwomba mkunga au daktari alitazame kondo kabla halijafukiwa, kuhifadhi kadi ya kliniki, na kumpeleka mama kupimwa mapema katika mimba ifuatayo. Aidha, mjamzito anayehisi kwamba mtoto amepunguza kucheza asingoje hadi kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo.