Flashi na Mlango wa Ofisi

Babati ni mji wa njia panda. Barabara za Arusha, Dodoma na Singida zinakutana hapo, na tangu Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, mji huu ndio makao makuu yake. Taarifa za Katesh, Kibaya, Orkesumet na Mbulu huishia Babati, na nyingi husafiri ndani ya flashi. Flashi hiyohiyo huchomekwa steshenari asubuhi, ofisini mchana, nyumbani jioni. Ni njia mojawapo ya minyoo ya kompyuta, yaani programu haribifu zinazojinakili zenyewe kutoka mashine hadi mashine.

Itazame kwa karibu flashi iliyoambukizwa. Folda zako zote zinaonekana, majina yaleyale. Lakini pembeni mwa kila picha ya folda, chini kushoto, kuna kimshale kidogo, na ukiangalia ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili tu. Folda halisi zimefichwa. Unachokiona ni njia ya mkato iliyotegwa. Ukiibofya, mnyoo unaingia kwenye kompyuta, kisha unakufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo inaambukizwa. Na kama ofisi ina folda ya pamoja ambamo kila mtu anaruhusiwa kuandika, mnyoo unajinakili humo pia, ukimngoja mhasibu wa chumba cha pili.

Tanzania haiko pembeni ya jambo hili. Septemba 2023 watafiti wa kampuni ya Mandiant walieleza jinsi programu ya kijasusi iitwayo Sogu ilivyoingia kwa flashi katika taasisi 29 duniani, maambukizi mengi yakianzia kwenye matawi ya Afrika, na Tanzania na Kenya zilitajwa. Baadhi yalitokea kwenye kompyuta za maduka ya kuchapia na vibanda vya intaneti. Hata hivyo, kuzilaumu steshenari si haki. Steshenari hupokea flashi za mji mzima na haiwezi kuchagua wateja. Ofisi inaweza kuchagua kinachoingia mlangoni pake.

Wapo wanaosema ofisi yao haina intaneti, kwa hiyo iko salama. Mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, nayo haikuunganishwa na intaneti, na bado mnyoo Stuxnet, uliogunduliwa mwaka 2010, uliifikia na kuiharibu. Tena, kinga ya kompyuta isiyopata intaneti huchakaa, kwa sababu haipokei habari za minyoo mipya. Wengine wanataka flashi zipigwe marufuku kabisa. Jeshi la Marekani lilifanya hivyo mwaka 2008, kisha likailegeza marufuku hiyo. Katika ofisi ambayo mtandao hukatika siku taarifa inapohitajika, marufuku itavunjwa kwa siri, na siri ni mbaya kuliko flashi yenyewe.

Wanaotegemea semina na matangazo ukutani nao wanadai mengi mno kwa mtu mwenye haraka. Zamani Windows iliruhusu programu iliyo ndani ya flashi ijiendeshe yenyewe mara inapochomekwa. Februari 2011 Microsoft iliizima tabia hiyo kwenye matoleo yake ya zamani, na maambukizi ya aina hiyo yakapungua sana. Watumiaji hawakufundishwa chochote. Mpangilio ndio uliobadilika. Ndiyo maana naamini ofisi ianze na mpangilio: ruhusa ya kuandika kwenye folda ya pamoja wapewe wanaoihitaji tu, na flashi za nje zifunguliwe kwenye kompyuta moja isiyounganishwa na nyingine.

Atakayeuliza bajeti iko wapi, ajue kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo inatosha, ikiwekewa mfumo endeshi wa Linux, ambao ni wa bure. Minyoo mingi ya flashi imeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux zile folda zilizofichwa huonekana wazi, na vile vimshale hubaki vifaili visivyo na pa kukupeleka. Mhudumu ananakili barua inayohitajika peke yake kwenye flashi ya ofisi, iliyofungwa utepe mwekundu na isiyotoka nje ya jengo, na flashi ya mgeni inarudi mfukoni mwake. Kazi hiyo ni ya dakika chache.