Hesabu Nyuzi Nane Kabla ya Kubomoa Ukuta

Kompyuta ya sebuleni inasoma megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000, na fundi keshashika patasi na nyundo. Mwambie asubiri. Hiyo 100 peke yake ni ushahidi.

Waya wa mtandao wa Cat5e una nyuzi 8 zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi 4. Kasi ya 1,000 hutaka jozi zote nne. Kasi ya 100 hutosheka na mbili tu: uzi wa 1, 2, 3 na 6. Basi ukikatika uzi wa 4, 5, 7 au 8, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi 100 na maisha yanaendelea.

Sasa hesabu maungio. Nyuzi 8 kwa soketi 2 ni maungio 16, na yote yanafikika kwa bisibisi. Waya uliozikwa kwenye plasta hausumbuliwi na mtu, labda aliyetundika picha kwa drili. Kwa hiyo anzia kwenye soketi. Msokoto usiwe umefumuliwa zaidi ya milimita 13, na pande zote mbili zifuate mpangilio mmoja wa rangi.

Kipimaji cha taa 8 kisikupumbaze. Fundi aliyepanga rangi kwa mfuatano, 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, atawashiwa taa zote bila kasoro, ilhali mtandao unachechemea. Uzi wa 3 jozi yake ni wa 6. Wa 4 na wa 5 hukaa katikati yao. Taa haioni msokoto.

Ukithibitisha kuwa kasoro imo ukutani, uliza kama kuna bomba. Likiwapo, funga waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani, uvute. Lisipokuwapo, utalipia kuchimba, plasta, na rangi ya ukuta mzima, maana kiraka hakifichiki.

Faida yake? Faili la gigabaiti 50 likitoka chumba hadi chumba huchukua dakika 7 hivi kwa kasi ya 1,000, na dakika 67 kwa 100. Mwenye kuhariri video ataiona tofauti hiyo kila siku. Anayelipia intaneti ya megabiti 40 na hahamishi mafaili, 100 inamtosha mara mbili na nusu: arudishe kifuniko cha soketi, ukuta auache.